Siku 137: dari ilianguka usiku mmoja, malipo yakaja kwa vipande

Siku ya 71 baada ya dari kuanguka, dada yangu alinikabidhi bahasha. Ilikuwa nene. Ndani mlikuwa na risiti za mafundi, picha zilizochapwa kwenye karatasi ya kawaida hadi kila kitu kikageuka kijivu, mkataba wa bima wa kurasa 34 ulioonekana kufunguliwa hadi ukurasa wa pili tu, na kipande cha daftari alichoorodhesha tarehe alizopiga simu kwenye kampuni ya bima. Nilizihesabu, zilikuwa 23. Mbele ya kila tarehe aliandika jibu alilopewa: "linashughulikiwa", "liko kwa mkubwa", "jaribu wiki ijayo". Jina la aliyejibu halikuwepo hata mara moja.

Nilikuwa natafuta barua. Yoyote ile, iliyotoka kwake kwenda kwao, yenye tarehe. Haikuwepo.

Niliwahi kukaa miaka michache upande wa pili wa meza hiyo, nikipokea madai ya bima za nyumba, kwa hiyo nilijua swali langu lililofuata litamkera. "Dada, wanasubiri nini kutoka kwako?"

Akanitazama kama mtu aliyetumwa kuja kuwatetea. "Mimi ndiye ninayesubiri."

Alikuwa sahihi, na kampuni nayo, kama tulivyokuja kugundua, ilikuwa inasubiri. Dai la bima likichelewa, wengi wetu tunadhani kuna mtu mahali fulani amekataa kulipa na anaona haya kusema. Wapo wa namna hiyo. Lakini mafaili mengi niliyowahi kuyashika yalikwama kwa sababu ndogo kuliko hiyo: karatasi moja haijafika, na mtu anayepaswa kuileta hajui kwamba ndiye anayesubiriwa. Faili la dada lilikwama namna hiyo mara tatu, kila mara kwenye meza tofauti.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Kiungo cha bomba linalotoka kwenye tangi la juu ya dari kilikatika usiku, familia ikiwa safarini. Tangi lingekuwa limekauka lenyewe, hasara ingekuwa ndogo. Ila tangi lina boya, na boya kazi yake ni kufungulia maji kila yanaposhuka. Kwa hiyo maji yaliendelea kuingia na kuendelea kumwagika kwa karibu siku mbili, hadi jirani alipoona yanatoka chini ya mlango. Dari ya sebule na ya vyumba viwili ilishuka chini, nyaya za taa zikaloa, makabati ya ukutani yakavimba, godoro na zulia hazikufaa tena.

Siku ya kwanza dada alipiga simu kampuni. Akapewa palepale agizo la mdomo: msiguse kitu mpaka mkadiriaji wa hasara afike. Namba ya dai ilikuja siku ya tatu. Mkadiriaji, ambaye wengi humwita asesa, alifika siku ya 9.

Hizo siku nane ndizo zilizonisikitisha kuliko zote, kwa sababu dada alitii. Vipande vya dari vililala juu ya zulia lililoloa, madirisha yamefungwa, kila kitu kikihifadhiwa kama ushahidi. Ukungu hauhitaji wiki. Kwenye vitu vilivyoloa unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Mkadiriaji alipoingia alikuta makabati yana madoa ya kijani hadi ndani, na kwenye taarifa yake akaandika kwamba sehemu ya uharibifu imetokana na "kutokuchukua hatua za kuzuia hasara isiongezeke".

Hapo kuna mtego ambao ningependa kila mwenye nyumba aujue kabla maji hayajaingia. Mikataba mingi ya bima ya nyumba ina kifungu kinachomtaka mwenye bima azuie hasara isikue: afunge maji, atoe vitu vilivyoloa, azibe paa, aite fundi wa dharura. Kifungu hicho kiko kwenye maandishi. "Msiguse kitu" ilikuwa sauti ya kijana wa mapokezi. Vyote viwili vinapatana ukivisoma vizuri: piga picha za kila chumba kutoka kila kona, piga za karibu, weka kando kipande cha kile kilichoharibika, kisha safisha na kausha. Usichotakiwa kufanya ni kujenga upya kabla hawajaona. Dada hakuwa ameambiwa hilo, wala hakuwa ameomba agizo lile liandikwe. Tulikuja kulipata kwenye rekodi zao za simu, baada ya kuwaandikia tukiwaomba waisikilize simu ya siku ya kwanza, na hoja ya ukungu ikaondolewa kwenye hesabu. Kama simu ile isingerekodiwa, nadhani tungepoteza makabati.

Kosa la pili lilikuwa la sentensi moja. Mkadiriaji alipokuwa anapima chumba alimuuliza dada, kwa upole tu, kama tangi limewahi kusumbua. Dada, mtu mkweli, akajibu: "Mwaka jana lilikuwa linadondosha kidogo." Mkadiriaji akaandika.

Bima ya nyumba kwa kawaida hulipa tukio la ghafla. Uvujaji wa taratibu, kuoza, kutu, uchakavu, mambo yanayokula nyumba polepole huku mwenyewe akiyaona, hayo karibu mikataba yote huyaweka nje. Kwa hiyo neno "lilikuwa linadondosha" lilitosha kulitoa faili kwenye rundo la madai ya kulipwa na kulipeleka kwenye rundo la madai ya kuchunguzwa. Simlaumu mkadiriaji. Aliyemwajiri ni kampuni, na kazi yake ni kuandika alichoona na alichosikia. Tatizo ni kwamba hakuuliza swali la pili, lile la kudondosha wapi na ilikuwaje baadaye, na dada hakujua kwamba anatoa ushahidi.

Taarifa ya mkadiriaji ilifika kampuni siku ya 24. Siku mbili baadaye ofisa wa madai aliandika barua pepe kuomba ripoti ya fundi bomba kuhusu chanzo cha uvujaji. Baada ya hapo kimya, siku 45.

Hayo yote hatukuyajua siku ile ya 71. Tulichokuwa nacho ni bahasha na hasira. Tuliketi mezani tukaandika barua, fupi kuliko alivyotaka. Dada alitaka kuanza na jinsi watoto wanavyolala kwa bibi yao na jinsi alivyolipa ada ya bima miaka yote bila kuchelewa. Yote ni kweli, na nilimwambia tuyaweke akiba. Barua iliyotoka ilikuwa hivi:

"Naandika kuhusu dai langu lenye namba iliyotajwa hapo juu. Naomba mnijibu kwa maandishi: ni nyaraka au taarifa gani bado mnazihitaji, mliziomba kwa nani na tarehe gani, na nani anashughulikia faili hili kwa sasa. Kama hakuna mnachosubiri, naomba uamuzi wenu pamoja na sababu zake. Naomba pia malipo ya awali kwa sehemu ya hasara ambayo haina ubishi."

Tukaituma kwa barua pepe, na nakala tukaipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lilikuja siku ya 73.

Simu 23 hazikufanya kitu, barua moja ikajibiwa ndani ya siku mbili. Hili halikunishangaza, na sababu yake inafaa kuelezwa. Ofisa wa madai ana mafaili mengi kuliko siku za wiki. Faili linalosubiri nyaraka hulala lenyewe kwenye mfumo likiwa na alama ya kusubiri, na hakuna anayemsumbua kwa ajili yake. Simu hupokelewa na mtu mwingine kabisa, anayesoma alama ile ile kwenye kioo na kukusomea wewe: linashughulikiwa. Simu ikiisha, hakuna kilichobadilika. Barua inaingia kwenye faili. Ina tarehe. Mkaguzi akija ataiona, na ataona pia kama ilijibiwa. Hata "liko kwa mkubwa" huenda haikuwa porojo: ofisa ana kikomo cha kiasi anachoweza kuidhinisha, juu yake kuna meneja mwenye kikomo chake, na dai kubwa hupanda hadi kamati. Lakini faili hili halikuwa limepanda kokote.

Jibu lao lilisema wanasubiri ripoti ya fundi bomba. Waliiomba siku ya 26. Waliiomba kwa wakala.

Dada alimpigia wakala palepale. Wakala akatafuta, akaipata ile barua pepe katikati ya nyingine, haijafunguliwa, akaomba radhi. Bwana mwema, tena ndiye aliyemwandikia bima. Lakini tofauti hii ni ya kuishika: wakala ni mkono wa kampuni, dalali wa bima ni mkono wa mteja. Kumwandikia wakala kuomba karatasi ya mteja ni kujiandikia mwenyewe. Kampuni ilikuwa imejiuliza swali, kisha ikakaa siku 45 kungoja jibu. Tuliliandika hilo kwenye barua ya pili, kwa adabu, na tangu hapo mawasiliano yote yakawa yanakuja moja kwa moja kwa dada.

Ikabaki ripoti yenyewe. Fundi aliyekuja siku ile ya kwanza kufunga maji alikuwa amebadilisha kiungo na kuendelea na safari yake. "Fundi, kile cha zamani ulikitupa wapi?" Hakukumbuka. Tulikipata kwenye gunia la vifusi nyuma ya nyumba, chini ya vipande vya dari: elbo ya plastiki, yaani kiungo cha kona, imekatika shingoni, pale nyuzi zinapoanzia.

Nakieleza kwa kirefu kwa sababu kile kipande cha plastiki, kidogo kuliko kiganja, kilikuwa na uzito kuliko kurasa zote za bahasha. Kiungo kinachovuja kwa miezi huacha alama. Maji yakipita kwenye ufa mwembamba na kukauka, huacha ukoko wa chokaa kwenye kingo zake, na uso wa ufa hubadilika rangi sehemu ile iliyotangulia kufunguka. Mbao zilizo chini nazo huwa na doa lenye duara ndani ya duara, moja kwa kila mara lilipoloa na kukauka. Elbo ya dada ilikuwa safi. Uso wote wa mkato ulikuwa na rangi moja, bila ukoko, bila sehemu ya zamani na sehemu mpya. Tulipanda juu ya dari na tochi: mbao chini ya tangi hazikuwa na duara lolote. Fundi akaandika ripoti ya ukurasa mmoja, na tukapiga picha ile elbo ikiwa kando ya rula.

Na lile la "mwaka jana lilikuwa linadondosha"? Lilikuwa boya. Lilikuwa halifungi vizuri, maji yakawa yanatoka kwa bomba la kufurika hadi nje ya nyumba, likabadilishwa. Risiti ya boya jipya ilikuwa ndani ya bahasha muda wote, ya tatu kutoka juu.

Siku ya 80 tulikabidhi ripoti, picha, risiti na elbo yenyewe, na tukapewa karatasi iliyosainiwa kwamba wameipokea elbo. Wakati huo huo tukarudia ombi la malipo ya awali. Watu wengi hawaombi kitu hiki, ama kwa kutokujua, ama kwa hofu kwamba ukipokea kidogo umekubali kidogo. Ubishi ukiwa kwenye makabati na thamani ya nyumba, haina maana gharama ya kuondoa vifusi, kukausha na kurekebisha umeme zikae zikingoja. Hazina ubishi. Omba zilipwe, na uhakikishe barua ya malipo inasema ni ya awali. Fedha hizo ziliingia siku ya 88. Zilikuwa kidogo, lakini taa ziliwaka.

Hapa niseme jambo kuhusu sheria, kwa sababu dada aliniuliza kama hawa watu hawana siku maalumu za kulipa. Inategemea nchi, na nchi zimetofautiana sana. Kenya, Sheria ya Bima inataja siku 90 tangu dai liliporipotiwa. Jimbo la Texas, Marekani, limegawanya safari vipande: kampuni ina siku 15 za kukiri kupokea dai na kuanza kulichunguza, kisha, kwa kawaida, siku 15 za kazi za kukubali au kukataa baada ya kupokea kila ilichokiomba, kisha siku 5 za kazi za kulipa baada ya kutangaza kwamba italipa. Uingereza ilikuwa nyuma kwa namna ya ajabu. Kwa muda mrefu mahakama zake zilishikilia kwamba malipo ya bima yenyewe tayari ni fidia, na huwezi kudai fidia kwa kucheleweshewa fidia. Katika miaka ya 1990, kwenye kesi ya Sprung dhidi ya Royal Insurance, mfanyabiashara aliyepoteza biashara yake wakati dai halijalipwa hakupata chochote kwa hasara hiyo ya pili, zaidi ya riba. Hali ilibadilika kwa mikataba iliyoandikwa kuanzia tarehe 4 Mei 2017, ambapo ikawa sharti ndani ya mkataba wa bima kwamba madai yalipwe ndani ya muda unaofaa.

Itazame ile hesabu ya Texas kwa makini, utaona kwa nini nilikuwa natafuta barua ndani ya ile bahasha. Saa ya uamuzi haianzi siku ya hasara. Inaanza siku kampuni ilipopata kila ilichoomba. Sheria za mahali pengi zimejengwa hivyo, na ni haki, huwezi kuamua usichokiona. Lakini maana yake ni kwamba karatasi moja inayokosekana inaisimamisha saa, na anayenufaika na saa iliyosimama si wewe. Ukiuliza kwa maandishi "mnasubiri nini", unalazimisha orodha. Orodha ikishaandikwa haiongezeki kirahisi, na ukiikamilisha saa inaanza, na una tarehe ya kuonyesha.

Siku ya 96 kampuni ilikubali dai na kuleta hesabu. Dada alifurahi kwa dakika kama tano, mpaka alipoona kiasi.

Uchakavu ulikatwa kwenye zulia na godoro. Hilo ni halali, mkataba wake ulilipa jengo kwa bei ya kipya na vyombo kwa thamani ya siku ya hasara. Eksesi, ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, nayo ilikatwa. Sawa. Lakini kilichokata nyama kilikuwa kanuni ya uwiano.

Kanuni hiyo, kwa namba za mfano: nyumba ambayo kuijenga upya kunagharimu 100 imekatiwa bima ya 70. Mwenyewe amelipia ada ya sehemu 70 katika 100, kwa hiyo hata hasara ndogo ya 20 hulipwa kwa uwiano huo, yaani 14. Haijalishi kwamba 20 iko chini kabisa ya 70. Watu huiona kama hila, nami siku ya kwanza kazini niliiona hivyo. Si hila, imeandikwa. Hila, kama ipo, huwa kwenye namba mbili zinazogawanywa.

Namba ya juu, ile 70, ilitoka wapi? Dada alikopa benki kununua nyumba, na benki ikataka bima. Aliyejaza fomu akaandika kiasi cha mkopo. Mkopo na gharama ya kujenga upya havina undugu wowote. Mkopo hupungua kila mwezi, saruji na mabati bei yake hupanda. Hapo hatukuwa na la kusema, saini ilikuwa ya dada.

Namba ya chini, ile 100, ndiyo tuliyoishika. Mkadiriaji alikuwa ameandika thamani ya nyumba kwa bei ya soko, akilinganisha na nyumba zilizouzwa karibu. Bei ya soko ina kiwanja ndani yake. Kiwanja hakiungui, hakiloi kikaanguka, hakikatiwi bima. Tulimwomba mkadiriaji majengo, mtaalamu wa gharama za ujenzi na si yule wa hasara, atupe gharama ya kujenga upya jengo peke yake, pamoja na kubomoa na ada za wataalamu, na namba ikashuka hadi 84. Sabini kwa themanini na nne ni zaidi kidogo ya asilimia 83. Ile hasara ya 20 ikapanda kutoka 14 hadi 16 na ushei. Kampuni ilibisha wiki moja, ikaomba mtaalamu wao apitie, ikakubali siku ya 109. Mkadiriaji majengo tulimlipa wenyewe, na tofauti ilimlipa mara kadhaa. Kwenye hasara ndogo nisingemshauri mtu aingie gharama hiyo.

Siku ya 112 ikaja hati ya kusaini kabla ya malipo. Ilikuwa na aya moja, nayo ilisema mdai anapokea kiasi kilichotajwa kuwa "malipo kamili na ya mwisho kwa madai yote yanayotokana na tukio hili, yanayojulikana na yasiyojulikana". Dada alikuwa ameshachukua kalamu. Kwa haki kabisa alikuwa amechoka, na nyumba yenye mashimo juu inamfanya mtu asaini chochote.

Nilimwomba anionyeshe vigae vya sebule. Nilivigonga kwa funguo, kimoja kimoja, kuanzia mlangoni. Katikati vilitoa sauti ya kuzibwa. Kuelekea ukuta wa makabati, vigae kama kumi na vinne, vilitoa sauti tupu. Hicho si kipimo cha maabara, na vigae huachia kwa sababu nyingine pia. Lakini maji yaliyosimama siku mbili sakafuni huingia mahali, na hakuna aliyekuwa ameangalia chini.

Tukaandika kwamba tuko tayari kupokea malipo ya dari, umeme, makabati na vyombo, na tunaomba hati itaje vitu hivyo kwa majina, huku uharibifu wa chini ya sakafu ukiachwa wazi hadi vigae vitakapofumuliwa. Nilitarajia vita. Hati mpya ilikuja kesho yake, imerekebishwa kama tulivyoomba. Sehemu kubwa ya hati hizi ni fomu iliyochapwa miaka mingi iliyopita, na anayekuletea huenda hajawahi kuisoma.

Hundi ilitoka siku ya 118, na ikatupeleka kwenye meza ya tatu.

Iliandikwa kwa majina mawili, la dada na la benki. Nyumba ikiwa chini ya rehani, benki ina maslahi kwenye mkataba wa bima, na fedha za jengo haziwezi kulipwa bila yenyewe kuhusika. Dada hakulijua hilo; nami, nakiri, nilikuwa nalijua na nikasahau kulishughulikia mapema. Ndilo kosa langu katika kisa hiki. Siku ya 96, dai lilipokubaliwa, ndiyo ilikuwa siku ya kwenda benki kuuliza: mnataka nini ili mwachie fedha za matengenezo? Tungepewa orodha, tungeikamilisha hesabu ikiendelea kubishaniwa. Badala yake tulianza siku ya 118, na benki ikataka mchanganuo wa gharama uliosainiwa na fundi, picha, barua ya kampuni ya bima, na mtu wao aje kuangalia nyumba. Mtu wao alikuja baada ya siku kumi na moja. Fedha za kuanzia kazi ziliachiwa siku ya 137, na zilizobaki zikapangwa kutolewa kadiri matengenezo yanavyokwenda.

Nikizigawa siku hizo kwa haki, 45 ni za kampuni na wakala wake. Siku 19 ni za benki, ingawa nyingi ningeweza kuziokoa. Siku nane za kumsubiri mkadiriaji zilikuwa za kawaida, isipokuwa kwa walichomwambia dada afanye ndani yake. Kuanzia siku ya 73 hadi 112 zilikuwa kazi halisi, zenye kitu kinachosogea karibu kila wiki. Dada hakubaliani na hesabu yangu. Kwake siku zote 137 ni za kampuni, kwa sababu yeye alilipa ada kwa wakati na hakuna aliyemwambia alete ripoti. Sijapata jibu zuri la kumpa.

Fundi dari alianza kazi juma lililofuata. Fundi vigae alipofumua ule upande wa makabati alikuta saruji ya chini imelainika, unaipangusa kwa kidole inatoka unga. Dada hakunipigia simu mimi kwanza. Alipiga picha, akaweka rula pembeni, akatuma kampuni na benki barua moja ile ile, akitaja namba ya dai na kile kipengele cha hati kilichoachwa wazi, na kuwauliza wanahitaji nini zaidi na kwa tarehe gani. Nakala akaniletea baadaye, ikiwa na muhuri.

Leo ni siku ya 6 tangu barua hiyo. Wameshajibu mara moja: wanataka kipande cha saruji, na kimeshafungwa kwenye mfuko mezani kwake.